Diski Moja, Michezo Miwili

Mwaka 2018, kwa karibu mwezi mzima, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo anayeishi na kufanya kazi Muscat, tulibishana kwa ujumbe wa sauti kuhusu mchezo wa video uitwao No Man's Sky, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake anatia chumvi. Mimi nilikuwa Tanga, kwenye banda langu la gemu pale Makorora, na diski yangu nilikuwa nimeinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Yeye alikuwa na diski kama hiyohiyo, yenye jalada lilelile. Nilimwambia kwamba huu ni mchezo wa mtu anayependa ukimya: unatua kwenye sayari, unachimba madini, unatazama wanyama wa ajabu wakipita, unapanda chombo chako na kwenda sayari nyingine, wala hukutani na binadamu hata mmoja. Yeye akanijibu kwamba usiku uliopita alikuwa na wenzake watatu wakijenga nyumba kando ya bahari. Akanitumia video fupi, nikaitazama mara mbili, nikamwambia kwamba huo ni mchezo mwingine kabisa. "Kaka, kwani wewe unacheza mchezo gani hasa?" akaniuliza, na swali hilo, ambalo siku ile lilinikera, ndilo ninalomuuliza leo kila anayeingia bandani na kuanza kuusifu au kuuponda mchezo fulani.

Sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Diski ile ilibeba toleo la kwanza, 1.00, kama lilivyochapwa kiwandani mwaka 2016. Banda langu halikuwa na intaneti ya kudumu, na PS4 yangu, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony, ilikuwa haijawahi kuunganishwa na mtandao tangu niweke mchezo huo. Mashine ya mdogo wangu ilikuwa imeunganishwa na mkongo saa zote, na kila watengenezaji walipotoa sasisho, yaani marekebisho na nyongeza za mchezo zinazopakuliwa mtandaoni, yeye aliamka na kulikuta tayari, bila hata kukumbuka kwamba mchezo alioununua haukuwa hivyo mwanzoni.

Historia ya mchezo huo ni ya kweli na inajulikana, lakini mimi niliijua baadaye sana. Hello Games, studio ndogo ya mji wa Guildford nchini Uingereza, iliutoa Agosti 2016 baada ya miaka kadhaa ya matarajio makubwa. Ulikuwa na sayari nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, 18 ikifuatiwa na sifuri 18, zote zikizalishwa kwa hesabu za kompyuta. Watu walikuwa wameaminishwa, katika mahojiano ya kabla ya kutoka, kwamba ingawa anga ni kubwa mno, wachezaji wawili wakijaliwa kufika mahali pamoja wangeweza kuonana. Siku za mwanzo kabisa wachezaji wawili walifika kwenye sayari moja, wakasimama mahali pamoja, na hakuna aliyemwona mwenzake. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa, watu wakadai fedha zao, na mamlaka inayosimamia matangazo ya biashara Uingereza ikapokea malalamiko, ikachunguza, na mwishowe ikaona kwamba matangazo hayakuvunja kanuni. Studio ikakaa kimya kwa miezi. Kisha, Novemba 2016, likaja sasisho la kwanza kubwa, lililoleta ujenzi wa makazi. Machi 2017 yakaja magari ya kutembelea juu ya sayari. Na Julai 2018, mwezi uleule tulioanza kubishana, likaja sasisho lililowawezesha wachezaji kuonana na kucheza pamoja kikamilifu. Yote hayo yalitolewa bila malipo ya ziada.

Neno "bila malipo" linahitaji maelezo kwa mtu anayeishi nilipokuwa naishi mimi. Sasisho lile lilikuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na bando la simu ndilo nililokuwa nalitegemea. Rafiki yangu mwenye duka la steshenari mjini alikuwa ameunganishiwa mkongo. Jumamosi moja nikaizungushia PS4 kitenge, nikaitia kwenye begi la shule la mwanangu, nikapanda bodaboda huku begi nimelikumbatia kifuani. Tukaiunganisha kwenye runinga yake ndogo iliyokuwa juu ya mashine ya kutolea kopi, nikaketi baada ya swala ya Isha kuitazama asilimia ikipanda. Ilipofika 71 umeme ukakatika. Nilikaa gizani karibu saa moja nikiwa na hakika kwamba nitaanza upya, lakini uliporudi ikaendelea palepale ilipoishia, na alfajiri nikarudi nyumbani na mashine ambayo kwa macho ilikuwa ileile.

Nilipowasha mchezo, sayari niliyokuwa nimeiacha ilikuwa imebadilika. Nilikuwa nimeegesha chombo changu kwenye uwanda wa nyasi nyekundu, chini ya mwamba uliopinda kama mlango, na nilikuwa naenda pale jioni baada ya kufunga banda, si kwa sababu ya kutafuta kitu, bali kupumzika tu. Nyasi hazikuwa zilezile wala ardhi haikukaa vile. Mchezo ulikuwa mzuri zaidi, hilo silikatai: mwanga ulikuwa bora, kulikuwa na mambo mengi ya kufanya, na usiku huohuo nilionana na mdogo wangu ndani yake kwa mara ya kwanza, akinirukiarukia mbele yangu kwa furaha. Lakini kitu nilichokuwa nakipenda kilikuwa kimeondolewa na watu wa mbali waliokuwa wakijitahidi kwa nia njema kuwaridhisha waliokasirika, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba kuna mtu Tanga ambaye hakukasirika.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia jambo hili kwa makini, kwa sababu nilikuwa na mahali pazuri pa kulifuatilia. Banda langu nililifungua mwaka 2015 kwa mashine mbili za PS2, ambazo diski zake hazikuwahi kusasishwa na mtu: dosari iliyokuwemo ilibaki humo, vijana wakaijua, wakaizoea, na aliyejua kona ya kupigia mpira ambayo kipa hawezi kuudaka aliheshimiwa kama fundi. Mashine hizo zilipozeeka nikaingia kwenye PS4, na mwaka 2019 nikawa na mbili, moja karibu na dirisha na nyingine ndani, zote zikiwa na mchezo uleule wa mpira wa miguu, ambao sitautaja jina wala kampuni iliyoutengeneza. Wakati huo nilikuwa nimeshapata intaneti ya kiasi. Usiku mmoja, kwa kifurushi cha usiku, nikasasisha mashine ya ndani, na bando likaisha kabla sijafika kwenye ile ya dirishani.

Kesho yake nilidhani wateja watagombania mashine mpya. Walicheza mechi mbili tatu, kisha kijana mmoja, fundi wa pasi ndefu za kupenyeza nyuma ya mabeki, akaiweka pedi chini akaniambia, "Kaka, umeichezea mipangilio hii. Rudisha kama ilivyokuwa." Nikamwapia kwamba sikugusa kitu. Alikuwa amefanya mazoezi ya pasi ile kwa miezi, akiilipia shilingi 500 kwa kila mechi, na sasa mabeki walikuwa wanamrudia kabla mshambuliaji wake hajaupata mpira. Baada ya wiki moja foleni yote ilikuwa kwenye mashine ya dirishani, na ya ndani ilikaa na wageni na watoto. Watengenezaji walikuwa na sababu yao: pasi ile ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na waliokuwa wanachezea mtandaoni walikuwa wameilalamikia sana. Lakini kijana wangu hakuwahi kucheza mtandaoni hata siku moja. Alinyang'anywa ujuzi wake kwa ajili ya ugomvi wa watu ambao hakuwajua.

Nilichojifunza bandani ni kwamba mchezaji haoni sasisho kama marekebisho ya mashine. Analiona kama kauli. Likiziba dosari iliyokuwa inamuumiza, anasikia, "Tumekusikia." Likimbadilishia kitu alichokuwa amekizoea bila kumweleza, anasikia kwamba muda aliouwekeza si kitu. Siwezi kuwabadilishia wateja sasisho, lakini niliweza kuwabadilishia namna ya kulipokea. Kila sasisho kubwa hufuatana na maelezo ya watengenezaji kuhusu kilichorekebishwa, na maelezo hayo huwa ya Kiingereza, marefu, yenye mistari mingi ambayo wengi wa wateja wangu wasingeisoma. Nikaanza kuyatafsiri, nikayaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuyabandika ukutani kabla ya kusasisha: mabeki sasa wanarudi haraka zaidi, mpira wa kichwa umepunguzwa nguvu, kipa harudishi tena mpira katikati ya eneo la hatari. Walisoma kwa sauti, wakabishana, wengine wakakasirika kabla hata ya kucheza. Lakini hakuna aliyenituhumu tena kwamba nimechezea mipangilio, na yule fundi wa pasi ndefu alikuwa wa kwanza kuisoma karatasi na wa kwanza kugundua njia mpya ya kufunga.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za michezo mikubwa iliyoharibika na kupona, niliisoma nikiwa na sura za watu hao kichwani. Habari inayotajwa kuliko zote ni ya Cyberpunk 2077, uliotolewa na CD Projekt Red ya Poland tarehe 10 Desemba 2020. Kwenye kompyuta zenye nguvu ulichezeka, lakini kwenye PS4 na mshindani wake, Xbox One ya Microsoft, ulikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba siku chache baadaye Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia fedha walioutaka, na haukurudi hadi Juni 2021. Mwanzilishi mwenza wa kampuni alijitokeza kwenye video na kuomba radhi. Miaka miwili na zaidi ya masasisho ikafuata, na Septemba 2023 toleo la 2.0 likabadilisha mfumo wa ujuzi wa mhusika, likabadilisha jinsi polisi wanavyomfuatilia, na kwa jumla likageuza maoni ya watu: wale waliousema vibaya wakaanza kuusifu, nao waliosubiri wakaununua.

Husimuliwa kama habari ya toba na msamaha, nami sipingi, kwa maana kazi iliyofanyika ni kubwa. Ila kuna sehemu ambayo hupitiwa haraka. Toleo hilo la 2.0 halikufika kwenye PS4 wala Xbox One. Sasisho kubwa la mwisho kwa mashine hizo lilikuwa la 1.6, la Septemba 2022. Mashine zilizouona mchezo huo ukiwa katika hali mbaya kuliko zote hazikuuona ukiwa umepona kabisa. Sababu za kiufundi zinaeleweka, kwani mashine ya mwaka 2013 ina kikomo chake. Hata hivyo PS4 ndiyo mashine ya mabanda ya huku kwetu, na vijana walipokuja mwaka 2023 wakiwa wamesikia kwamba mchezo umekuwa mzuri, nililazimika kumweleza mmoja baada ya mwingine kwamba sifa anazozisikia ni za toleo ambalo mashine yangu hailipokei. Mmoja alikuwa ameshaweka akiba ya kununua diski yake mwenyewe. Tulikaa naye tukapitia pamoja toleo gani linafika wapi, akaamua kusubiri hadi atakapopata PS5. Wenzetu wa Hello Games, nawashukuru kwa hili, waliendelea kwa miaka kupeleka masasisho yao hadi kwenye PS4 ileile ya mwanzo, na naamini hiyo ni sehemu ya sababu jina lao lilisafishika, ingawa halikusafishika upesi: kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta ambako wanunuzi huandika maoni yao, mchezo wao ulianza ukiwa miongoni mwa iliyopewa maoni mabaya kabisa, na ulihitaji hadi mwaka 2024, miaka minane, kufikia daraja la kusifiwa sana.

Miaka minane ni mingi. Hukumu ya wiki ya kwanza ina mizizi mirefu kuliko watengenezaji wanavyotaka kukubali. Steam yenyewe ililitambua hilo mapema, na mwaka 2016 ikaanza kutenganisha maoni ya karibuni na maoni ya tangu mwanzo, ili mnunuzi aone kama mchezo wa leo ni uleule uliolaumiwa jana. Bandani hakuna utaratibu kama huo. Mteja aliyeona mchezo ukiganda mara moja mbele ya wenzake, akachekwa, hataugusa tena hata umweleze nini, na atawaambia na wadogo zake. Nilijaribu kubishana na watu wa aina hiyo kwa muda mrefu, kisha nikaacha, kwa sababu niliona kwamba hawakosei. Walilipa fedha yao siku ile, si siku ya sasisho la tatu. Kampuni inayouza kitu kibovu kwa bei kamili, kwa matumaini kwamba itakiziba baadaye, imewauzia wa kwanza mbuzi kwenye gunia, na ubora wa baadaye ni haki ya waliochelewa kununua. Nasema hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe hununua kwa kuchelewa na kufaidika na uvumilivu wa wengine.

Upande wa pili ni sasisho linaloharibu kilichokuwa kizuri, na hapa mfano ulio karibu nasi ni wa Helldivers 2, mchezo wa studio ya Arrowhead ya Stockholm, uliotoka Februari 2024 na kupendwa mara moja. Mei mwaka huohuo Sony, ambayo ndiyo iliyouchapisha, ilitangaza kwamba wanaouchezea kwenye kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Kwa mtu wa Uingereza hilo lilikuwa ni usumbufu wa dakika tano. Kwa Mtanzania au Mkenya lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa huduma hiyo haitolewi rasmi katika nchi zetu. Wengi wetu wenye akaunti tulizifungua kwa anwani za nchi nyingine. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Zaidi ya maoni mabaya 200,000 yaliandikwa kwenye Steam kwa siku chache, na Sony ikarudi nyuma ndani ya siku hizo hizo. Maelfu ya watu wakabadilisha maoni yao yakawa mazuri tena, lakini mauzo katika nchi zile hayakurudishwa papo hapo. Nakumbuka mdogo wangu alinipigia simu kutoka Muscat akishangilia kwamba tumeshinda. Oman imo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa. Nikamweleza kwamba yeye ameshinda na mimi bado niko nje, na safari hii hakubishana, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Haya, nimeelewa. Ni kama ile diski."

Mchezo huohuo ulinifundisha jambo jingine baadaye, kwani Agosti 2024 sasisho lilipunguza nguvu za silaha zilizopendwa, ikiwemo ile ya kutema moto, wachezaji wakalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kufurahi, na watengenezaji wakajiwekea siku 60 za kurekebisha. Septemba silaha zikarudishiwa nguvu na watu wakarudi. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka fundi wangu wa pasi ndefu, ambaye hakuwa na maoni 200,000 nyuma yake.

Siku hizi kila diski iliyopo bandani ina kipande cha selotepu nyuma ya jalada, na juu yake nimeandika kwa kalamu toleo lililomo ndani ya mashine na tarehe niliyolisasisha. Nilianza kwa ajili ya kujikumbusha mwenyewe. Sasa wateja ndio wanaosoma kabla ya kulipa, na nimewahi kuwasikia vijana wawili wakizuia ugomvi wao katikati ili mmoja ageuze jalada na kuangalia namba.

Idd iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani. Baada ya chakula cha mchana tulikwenda bandani, ambako nilikuwa nimefunga kwa ajili ya sikukuu, na akaniomba nimwonyeshe ule mchezo niliokuwa nikimsimulia mwaka 2018. Nikachomoa waya wa intaneti, nikafuta No Man's Sky yote kutoka kwenye mashine, kisha nikaiweka upya kutoka kwenye diski pekee. Likarudi toleo la 1.00. Hakukuwa na nyumba ya kujenga, hakukuwa na gari, wala hakukuwa na mtu. Nikampa pedi. Alitembea karibu saa nzima kwenye sayari ya mawe na ukungu bila kusema neno, akisimama kila mnyama alipopita, na alipofika ukingoni mwa bonde akaacha kutembea, akaiweka pedi kwenye paja na kuendelea kutazama. "Kumbe kulikuwa kimya hivi," akasema. Nikamwambia ageuke nyuma, kwa sababu jua lilikuwa linachomoza.